Coming to America ya 1988 au Coming 2 America ya 2021: uanze na ipi, na uitazame na nani

Mwezi wa sita jioni za Dodoma zina upepo wa baridi, na anayetaka kuonyesha picha uwanjani anapambana nao mpaka mwisho. Tulitundika shuka jeupe ukutani na kulibana kwa vibanio vya nguo, lakini kona ya chini ilikuwa inachomoka kila baada ya muda, na uso wa Jaffe Joffer, mfalme wa kwenye picha, unavimba upande mmoja kama tanga. Ijumaa hiyo tulitazama Coming to America, ya mwaka 1988. Kesho yake, watu walewale, mikeka ileile, tukatazama Coming 2 America, iliyotoka Machi 2021. Kati ya moja na nyingine ni karibu miaka 33. Mtoto aliyezaliwa ile ya kwanza ilipotoka, ya pili imemkuta na watoto wake.

Tangu siku hiyo majirani zangu wa Nkuhungu wananiuliza: nikiwa na jioni moja tu, niangalie ipi? Kama hujaona hata moja, angalia ya kwanza. Ya pili usiiguse kabla ya hapo, kwa sababu nusu ya vichekesho vyake ni salamu za watu waliokwisha kufahamiana. Lakini kama ya kwanza mliiona zamani, na sasa nyumbani mna mabinti walioanza kuuliza maswali, ya pili ina kazi yake, na nitaieleza.

Kwa wasioijua: Akeem, yaani Eddie Murphy, ni mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni barani Afrika. Anatimiza miaka 21. Akitembea anamwagiwa maua ya waridi miguuni, akiamka anapigiwa muziki, na mke ameshachaguliwa na wazazi. Anataka mwanamke atakayempenda yeye, si kiti chake. Basi anaondoka na rafiki yake Semmi, yaani Arsenio Hall, wanakwenda New York, mtaa wa Queens, wanapanga chumba kibovu na kupata kazi ya kupiga deki kwenye mgahawa wa baga unaoitwa McDowell's. Mwenye mgahawa, Cleo McDowell, ana binti anaitwa Lisa. Mengine unaweza kuyakisia, na hata ukiyakisia hupungukiwi kitu.

Mimi niliiona mara ya kwanza miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, kanda ya VHS iliyochezwa mpaka chenga zimejaa juu na chini, na jamaa amekaa pembeni ya televisheni anatafsiri kwa sauti kubwa. Tulikuwa tumezoea picha ambazo Mwafrika ni mbeba mizigo wa mzungu porini, au ni yule anayekufa kabla ya nusu saa. Hapa stelingi ni Mwafrika, ni mtoto wa mfalme, amevaa vizuri, anaongea kwa adabu, na wakati wote ndiye mwenye pesa kuliko kila mtu kwenye chumba. Wimbo wa kufungulia ni Mbube, unaimbwa na Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini; ni wimbo wa Solomon Linda aliourekodi mwaka 1939, na neno lenyewe kwa Kizulu ni simba. Tulikaa kwenye benchi tukisikia sauti zinazofanana na za kwaya zetu. Hilo halisahauliki, na ndiyo maana watu wa rika langu wanaipenda picha hii kupita kiasi. Najua, kwa hiyo nimejitahidi kuitazama upya kwa jicho la mtu asiye na kumbukumbu hizo.

Kwa jicho hilo, bado inasimama.

Inasimama kwanza kwa sababu ya Queens. Muongozaji John Landis aliacha kamera ikae na watu. Kinyozi ni mfano mzuri. Wazee wanabishana kuhusu mabondia, nani alimpiga nani, nani hakuwahi kupigwa kihalali, huku mteja anasubiri. Ukitoka Nkuhungu ukaenda kunyolewa popote Dodoma hii utakuta ubishi uleule, badala ya mabondia weka Simba na Yanga. Murphy mwenyewe anacheza watu wanne: Akeem, kinyozi Clarence, mwimbaji Randy Watson mwenye bendi mbovu kuliko zote, na Saul, mzee wa Kiyahudi mweupe anayekaa pale pale saluni. Shemeji yangu alibisha mpaka mwisho kwamba Saul si Murphy, mpaka majina ya waigizaji yalipoanza kupita na sura zao. Aliyetengeneza zile sura ni Rick Baker, na kazi hiyo ilimpeleka kwenye uteuzi wa Oscar.

Halafu kuna kalikiti, ule mtindo wa nywele za mawimbi zinazopakwa mafuta mengi. Familia ya Darryl, mchumba wa Lisa asiyefaa, wametajirika kwa kuuza mafuta ya nywele. Wanakaa kwenye kochi wakiwa wamependeza. Wanasimama, na kwenye kitambaa yanabaki madoa ya mafuta ya vichwa vyao, moja moja kwa mpangilio. Hakuna neno linalosemwa. Shangazi yangu, ambaye Kiingereza hakijui, alicheka hapo mpaka akashika kifua, kwa sababu miaka hiyo dada yake aliweka kalikiti na mito ya nyumba nzima iliharibika. Kwa mwenye wageni wasiojua Kiingereza hilo ni jambo la kupima: sehemu kubwa ya picha ya kwanza inaeleweka kwa macho. Deki, maua, nywele, mavazi, mtu tajiri anayefurahia kumwaga takataka. Ya pili inategemea maneno zaidi, na inategemea uwajue wanamuziki wa Marekani wanaojitokeza kama wao wenyewe, Gladys Knight, En Vogue, Salt-N-Pepa. Usipowajua, unaona tu watu wanaimba.

Shangazi huyo huyo ndiye aliyenipa jambo la kufikiri Ijumaa ile. Karibu na mwisho Mfalme Jaffe anakuja Queens kumchukua mwanawe, anamtolea Cleo pesa ili mambo yaishe, na Cleo anakataa kwa hasira. Shangazi akakaa wima.

"Huyu baba anakataa mahari?"

Mpwa wangu, aliyekuwa anamnong'oneza tafsiri, akamwambia, "Si mahari, bibi. Ni pesa za kuwaachanisha."

"Ah. Basi amefanya vema."

Kwetu Wagogo mahari ni ng'ombe, wanahesabiwa mbele ya ndugu, na mzazi anayekataa ng'ombe anakuwa amekataa undugu. Kwa sekunde chache shangazi alikuwa anaangalia picha tofauti kabisa na yangu, na picha ilizibeba zote mbili. Cleo huyo ni John Amos, yule Kunta Kinte wa utu uzima kwenye Roots, tamthilia ya televisheni ya mwaka 1977 kuhusu Waafrika waliouzwa utumwani Marekani. Na malkia wa Zamunda ni Madge Sinclair, ambaye kwenye Roots alikuwa Bell, mke wa Kunta. Wazazi wetu waliofuatilia Roots walipowaona tena, mmoja baba wa bi harusi na mwingine mama wa bwana harusi, walikuwa wanaona watu wa nyumbani. Miaka sita baadaye Sinclair na James Earl Jones, mfalme na malkia hawahawa, walitoa sauti za Sarabi na Mufasa kwenye The Lion King.

Sasa niseme ubaya wake, maana upo. Dakika za mwanzo kabisa kuna wanawake wanaomwogesha Akeem, na hawajavaa nguo. Matusi ni mengi, hasa kwenye matembezi ya usiku ya Akeem na Semmi wakitafuta wachumba. Marekani iliwekewa daraja R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mtu mzima. Ukiwa na watoto au mama mkwe, anzia baada ya kuoga. Hupotezi kitu cha hadithi. Na kuna Imani. Imani Izzi ni yule mchumba aliyelelewa tangu utotoni ili ampende Akeem. Akeem anamuuliza anapenda muziki gani, anajibu: wowote unaoupenda wewe. Chakula? Chochote unachokipenda wewe. Ili kumpima anamwamuru abweke kama mbwa na kurukaruka kwa mguu mmoja, na binti anafanya. Kibandani tulicheka. Safari hii, binti ana jina ambalo kila mtaa wa Dodoma lipo, na mpwa wangu wa miaka kumi na tano amekaa pembeni yangu, sikucheka. Picha inataka tumhurumie Akeem kwa kupewa mke wa namna ile, na haiulizi binti mwenyewe alifanywa nini mpaka akawa hivyo.

Hapo ndipo ya pili inapopata sababu ya kuwepo.

Coming 2 America imeongozwa na Craig Brewer. Akeem sasa ana Lisa na mabinti watatu, mkubwa wao Meeka, anachezwa na KiKi Layne. Binti ana akili, anajua kupigana, anaijua nchi. Lakini sheria ya Zamunda inataka mrithi wa kiume, na Mfalme Jaffe yuko kitandani anakaribia kufa. Jirani, Jenerali Izzi, kaka wa yule Imani, anatishia vita asipopewa ndoa ya kuunganisha nchi zao. Basi inagundulika kwamba katika usiku mmoja wa matembezi yale ya Queens Akeem aliacha mtoto. Anaitwa Lavelle, amekua mjini, analangua tiketi, na Akeem anakwenda kumleta awe mrithi.

Soma tena sentensi hizo. Kijana aliyekataa kuchaguliwa mke sasa ni baba anayemchagulia mwanawe mke, na anampita binti yake mwenyewe kwa ajili ya mila. Wazo hili ni zito, na ni la kweli. Tumewaona wajomba walioingia mjini wakipinga kila kitu, na siku walipokabidhiwa ukoo wakawa wakali kuliko wazee waliowatangulia. Picha ingekaa hapo ingekuwa sawa na ya kwanza, pengine ingeipita.

Haikai hapo. Ina haraka ya kumwonyesha kila mtu aliyekuwepo zamani. Kinyozi yupo, Saul yupo, McDowell's imefunguliwa tawi Zamunda, Imani bado anaruka na kubweka miaka yote hiyo, na hilo la mwisho lilinikera, kwa sababu picha inayodai kuwatetea mabinti ilipata nafasi ya kumshusha mguu Imani na ikautumia tena mguu wake kuchekesha. Mazishi ya Jaffe yanafanywa yeye akiwa hai ili ajionee, wanamuziki wanaimba, watu wanacheza, na muda unakwisha. Lisa, ambaye Shari Headley anamcheza kwa heshima ileile, amepewa mambo machache mno ya kusema. Mwanamke aliyekuwa nusu ya hadithi ya kwanza anapita pembeni ya ya pili kama mgeni nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine la kusema mapema, kwa mzazi. Namna Lavelle alivyopatikana inaonyeshwa kama kichekesho: Akeem anavutishwa bangi na mwanamke anayeitwa Mary, hajitambui, na asubuhi hakumbuki. Mpwa wangu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa si alileweshwa?" Hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu la haraka. Daraja lake Marekani ni PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13, lugha ni safi zaidi kuliko ya kwanza, hakuna mtu aliye uchi, lakini kipande hicho uwe tayari kukizungumza. Tulisimamisha, tukakizungumza, tukaendelea. Nafikiri hiyo ilikuwa sehemu bora ya Jumamosi yetu.

Yapo mazuri, na nisiyapite. Wesley Snipes kama Jenerali Izzi ni zawadi. Sisi wa vibandani tunamjua kwa mapigano. Hapa anaingia ikulu ya watu akicheza ngoma na jeshi lake nyuma, na kila anapotokea picha inaamka. Nchi yake inaitwa Nexdoria, ni mchezo wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya nyumba ya jirani, mwelezeni asiyejua ili asipitwe. Mirembe, kinyozi wa ikulu, anachezwa na Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini; jina ni la Kiganda, amani, na ndiye mtu pekee wa Zamunda ninayeamini ana maisha kamera ikiondoka. Na mavazi! Yameshonwa chini ya Ruth E. Carter, aliyekuwa ameshapata Oscar kwa Black Panther. Zamunda ya 1988 ilivaa Afrika ya kufikirika, manyoya na dhahabu, na simba shingoni mwa mfalme. Ya 2021 inavaa vitambaa unavyoweza kuvitambua, rangi, shanga, mishono ya watu waliopo. Mwenye duka la vitenge au fundi cherehani anayetaka kupata mawazo, aangalie ya pili, na asimamishe mara kwa mara. Kwa hilo moja imeishinda ya kwanza wazi.

Upatikanaji hautachukua maneno mengi. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, corona ikayafunga, ikauzwa kwa Amazon, kwa hiyo iko Prime Video na unahitaji malipo ya mwezi. Ishushe usiku ukiwa kwenye waifai, uitazame kesho bila kutumia bando. Ya kwanza ilitoka pia kwenye DVD, na DVD yake haihitaji mtandao wowote. Muda ni karibu sawa, chini kidogo ya saa mbili kila moja.

Basi kama ni wawili, mume na mke, na watoto wamelala: ya kwanza. Kama ni kundi la watu wazima waliokua na vibanda: ya kwanza usiku wa kwanza, ya pili usiku wa pili, na msiziunganishe usiku mmoja, maana ya pili ikija nyuma ya ya kwanza bila kupumzika inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Kama ni mama na mabinti zake: zote mbili, mkiruka kipande cha kuoga. Kama ni kijana asiyejua lolote kuhusu Akeem na anataka tu kucheka: ya kwanza, akipenda ataitafuta nyingine mwenyewe. Sioni mtu ambaye ningemwambia aangalie ya pili peke yake.

Lakini ya pili ilinifanyia jambo moja ambalo sikulitegemea. Kwenye ya kwanza, Lisa akishamkataa Akeem ndani ya treni, mfalme na malkia wanarudi nyumbani na mwana wao amekaa kimya garini. Ni kipande kifupi, nimekiona mara nyingi na hakijawahi kunishika. Ijumaa, kilipofika, ile kona ya shuka ilichomoka tena, watu wakainuka kulishika, na hakuna aliyesikia.

Jumamosi, Akeem akiwa mfalme tayari, akishikilia sheria inayomfungia mlango binti yake, shangazi akageuka kwa mpwa wangu. "Jana mama yake, garini, alimwambia nini mumewe? Maana alisema kitu, nikaona mume amenyamaza."

Hatukukumbuka. Madge Sinclair alifariki mwaka 1995, kwa hiyo ya pili haina malkia huyo. James Earl Jones na John Amos wamemfuata, wote mwaka 2024. Picha ilipokwisha, watu wameanza kukunja mikeka, mpwa wangu akairudisha ile ya kwanza mpaka garini. Mfalme anasema kijana hawezi kumwoa binti yule, ni kinyume cha mila. Malkia anajibu kwamba ni mila ya kipumbavu. Mfalme anauliza, mimi ni nani hata niibadilishe? Na malkia, bila kupandisha sauti, bila hata kumgeukia vizuri, anamwambia: nilidhani wewe ndiye mfalme.

Mpwa wangu akaitafsiri neno kwa neno. Safari hii shuka lilikuwa limetulia, tulikuwa tumelishika kwa mikono pande zote. Shangazi akavuta khanga mabegani.

"Rudisha tena," akasema.